Hitima Iliyonipokonya Kiti

Picha iliyonipokonya kiti ni picha nzuri, na sitaki mtu aniambie vingine. Nimejifunga leso kifuani, nyingine nimejitanda kichwani, uso unang'aa kwa jasho, na mkononi nimeshika upawa mrefu wa kupakulia pilau. Nyuma yangu yako masufuria ya mtaa, yale makubwa ambayo mtoto aweza kuogea ndani. Mwenye kuitazama bila kujua atasema, lo, mama huyu ana harusi leo. Harusi ya nani! Ilikuwa hitima ya arobaini ya mamangu, na uchaguzi ulikuwa umebakisha siku chache.

Lakini nianze mwanzo, maana nikiianza hadithi hii kwa hasira nitaimaliza kwa matusi, na mamangu hakunilea hivyo.

Kabla sijaitwa mheshimiwa niliitwa mama karanga. Ndivyo tuitwavyo huku kwetu Msambweni sisi wanawake tunaonunua samaki pwani, tukawakaranga, yaani tukawakaanga kwa mafuta, na kuwauza kando ya barabara. Nimekaa mbele ya karai la mafuta tangu sijaolewa mpaka nimeolewa, nikaachwa, nikalea, na mikono yangu hii ina madoa ya kuungua ambayo hayatatoka mpaka kaburini. Sikuwa na haja na siasa. Siasa ndiyo iliyokuja kunitafuta pale kwenye karai langu.

Ilikuja na magari ya barafu. Matajiri wa samaki walianza kuja kutoka mjini, wakawa wanasimamisha magari yao pale pale vyombo vinapofikia, wakanunua kila kitu kabla hata wavuvi hawajateremka. Sisi tukawa tunabakishiwa vichwa na samaki waliopondeka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa pale pwani kwa adabu zangu zote, nikamwamkia, nikamweleza. Akanitazama juu mpaka chini, akaniambia, "Mama, wewe rudi kwenye karai lako."

Ala! Hapo alinikosea. Kesho yake niliwakusanya mama karanga wenzangu, tukaenda na makarai yetu, tukayapanga mchangani mbele ya yale magari na kuketi juu yake kama waliokaa vigodani. Madereva wakapiga honi wee, hakuna aliyeinuka. Jua likatuchoma, mmoja wetu akaanza kukuna nazi pale pale kana kwamba yuko kwake. Ilipofika adhuhuri mwenyekiti alikubali: wanawake wagawiwe kwanza, magari yafuate. Desturi hiyo ipo hadi leo.

Baada ya siku ile watu wakaanza kuniambia nigombee uwakilishi wa wadi. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, nikagombea, nikashindwa vibaya. Nilirudi nyumbani nimejiinamia, nikamkuta mamangu kibarazani akisuka ukili. Hakunipa pole. Alisema, "Samaki wa kwanza hushika karai. Mafuta yalikuwa hayajachemka. Tia wa pili."

Nikatia wa pili. Nilizunguka wadi nzima kwa miguu muhula ule wote, nikiuza samaki huku nikisikiliza shida za watu. Aliyekuwa na kiti ni jirani yetu, mtu niliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani, tukala bakora za mwalimu mmoja. Tulikuwa tukitaniana sana. Alikuwa akipita na gari lake la serikali ananipungia mkono, "Mama karanga, nibakishie samaki changu mmoja!" Nami namjibu, "Njoo mwenyewe, usitume king'ora!" Si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kiti, na mtu aliyezoea kiti huuoni ubaya wake mpaka umwambie ainuke.

Kampeni zikiwa zimepamba moto, mamangu akafariki. Aliugua kidogo tu, akaenda hospitali ya hapa hapa Msambweni, na asubuhi moja akaniambia nimpe maji, nikarudi na gilasi nikakuta ameshakwenda. Niliinamia kitanda nikalia, nikamzika, nikakaa matanga, na zile siku za matanga sikutaja kura kwa mtu yeyote.

Ikaja hesabu ya arobaini, na ikaangukia pale pale karibu na uchaguzi. Watu wa chama walinijia na ushauri: iahirishe, ifanye baada ya kura. Niliwajia juu. Niliwaambia mamangu hakufa kwa kufuata kalenda ya uchaguzi. Arobaini ni arobaini.

Kwa asiyezijua hitima za kwetu, nieleze. Hitima, kile kisomo cha kumwombea maiti, haina kadi ya mwaliko. Hutangazwa msikitini baada ya Ijumaa, na aliyesikia huja, na ambaye hakusikia akiona turubai huingia. Msafiri wa Lunga Lunga aweza kushuka, akala, akamwombea marehemu asiyemjua, akaenda zake, na hakuna atakayemwuliza yeye ni nani. Wanawake wa mtaa huja na chochote walicho nacho, huyu nazi, yule mchele, mwingine mikono yake tu, na wote huingia jikoni. Kumzuia mtu mlangoni pa hitima ni kumnyima maiti dua yake. Hilo mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kufunga vishikizo.

Na ipo desturi nyingine, hii ndiyo iliyoniponza. Wasomaji wakishamaliza juzuu zao, kabla ya sinia kutolewa, mzee wa familia huomba dua. Akishamwombea marehemu, huzitaja haja za ukoo mbele ya watu wote, maana mikono mingi ikiinuliwa pamoja tunaamini haishuki mitupu. Atataja mgonjwa aliyelazwa, atataja mtoto mwenye mtihani, atataja kijana aliyekwenda Arabuni kutafuta kazi. Kila haja ikitajwa, watu huitikia amin.

Mzee wetu ni mjomba wangu, mdogo wake mamangu, anayekaa kule Majoreni. Siku ile alisimama chini ya turubai, mimi nikiwa jikoni nyuma ya kiambaza cha makuti na upawa wangu mkononi. Akamwombea dadake mpaka sauti ikamkatika. Akataja wagonjwa, akataja watoto wa mitihani. Kisha nikamsikia, "Na mwanetu huyu, ewe Mola, aliyefiwa na mamake huku amesimama mbele za watu. Mpe ushindi, Mola. Mpe kiti."

"Amin!" Wallahi niliuona mvuke wa sufuria ukitikisika. Jikoni wanawake nao wakaitikia, nami nikaitikia pamoja nao, machozi yakinidondoka. Kisha nikafunua pilau nikaanza kupakua. Nani aliyekuwa akiwaza sheria pale? Na simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande kama kawaida ya siku hizi. Kupiga picha hitima, jamani, watu wamekuwa wa ajabu.

Jirani yetu naye alikuja. Alikaa safu ya mbele, akala sinia moja na mjomba, akanawa, akanipa pole, akaenda zake.

Nilishinda. Pale barabarani wanawake waligonga makarai kwa miko mpaka masikio yakaniuma, na nilipoapishwa nilivaa viatu vilivyonibana vibaya, lakini niliapa kwa sauti ambayo ilisikika nje. Sikukaa hata muda wa kuzoea njia ya ofisini. Jirani yetu akanishtaki. Alidai niliwahonga wapiga kura kwa pilau na kutumia ibada kufanya kampeni, na akaiweka ile picha yangu ya upawa mbele kabisa ya ushahidi wake.

Nilikasirika mpaka nikaishiwa na maneno, nami si mtu wa kuishiwa. Angesema nimeiba kura ningemwelewa. Lakini hitima ya mamangu! Mamangu ambaye ndiye aliyemkata kitovu jirani huyu alipozaliwa! Mla nawe hafi nawe, wahenga walikwishasema, lakini hawakusema kwamba atanawa mikono yake kwa maji yako kisha aende kwa wakili.

Nami nikatafuta wakili. Nilimpata Mombasa, kijana wa bara, mwerevu, mwenye haraka, simu yake haitulii. Aliitazama picha, akaisikiliza ile video ya dua, akavua miwani.

"Mama," akasema, "hii kesi tunaiweza, ukinisaidia kitu kimoja tu. Tuseme ile sherehe haikuwa yako. Ilikuwa ya mjomba wako. Wewe ulialikwa tu, kama mgeni mwingine yeyote."

"Nilialikwa wapi?"

"Kwenye hiyo hitima."

"Nilialikwa hitima ya mamangu?"

Alivaa tena miwani. Nadhani aliliona lile neno lilivyo baya, lakini mawakili wana kazi yao. Akanieleza polepole kwamba nikikubali mimi ndiye mwenye shughuli, upawa ule unakuwa wangu, na pilau inakuwa yangu, na dua inakuwa yangu. Nikikana, wale hawana kitu. Neno moja tu, na kiti kinabaki.

Sitasema sikushawishika. Nilikwenda nyumbani nikaketi kwenye kibaraza cha mamangu. Kile kiti nilikitaka. Nilikuwa nimekizungukia kwa miguu. Kina mama karanga walikuwa wameanza kuniuliza lini tutajengewa banda lenye paa na maji, nami nilikuwa nimewaahidi kwa mdomo wangu huu. Lakini nilijiona niko kizimbani, mkono juu ya Msahafu, nasema mimi nilikuwa mgeni siku mamangu alipokuwa akisomewa. Mtu akishasema hivyo, akirudi nyumbani anaingia mlango upi?

Kesho yake nilimpigia simu. "Wakili mwanangu, andika hivi. Hitima ilikuwa yangu. Mamangu alikuwa wangu. Upawa ulikuwa wangu. Sikumpa mtu chakula ili anipigie kura. Tushinde kwa hayo au tushindwe kwa hayo."

"Tutachapwa, mama."

"Basi tuchapwe tukiwa tumesimama."

Mahakamani tulianza vizuri, nami nikaanza kujipa moyo. Jirani yetu alipopanda kizimbani, wakili wangu alimwuliza kama na yeye alikula. Akasema alikula. Akamwuliza ilikuwa tamu? Wakili wake akainuka kupinga, lakini mwenyewe alishajibu, "Ilikuwa tamu, sitasema uongo." Wakili wangu akamwuliza kama ile pilau ilimfanya anipigie mimi kura. Watu wakacheka, hata hakimu, mama mmoja mtulivu, akainamisha uso. Ndipo jirani yetu akajitutumua akasema neno ambalo sikulisahau. "Nilikula, ndiyo, ni chakula cha maiti. Lakini alipoombewa ushindi, mimi amin sikuitikia. Nilifunga mdomo wangu. Mwenye kuitikia amin ameshiriki."

Kwa hilo nilimheshimu, hata kwa hasira zangu. Yeye na mimi tulikuwa tukilijua lile jambo kwa namna moja, kuliko mawakili wote mle ndani.

Kisha akaitwa mjomba. Masikini mjomba wangu. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakauka kama ubao, kofia yake ya vito, na fimbo. Wakili wangu alikuwa amemsihi njia nzima ajibu kwa mkato, ndiyo au la. Akaapa. Wakili wa upande wa pili akamsogelea kwa upole, akampa na shikamoo kabisa.

"Marahaba," akajibu mjomba, na nikaona amempenda.

"Mzee, siku ile ulimwombea kura huyu binti yako?"

"La. Kura huombwa watu. Mimi nilimwomba Mungu."

Wakili wangu akatabasamu. Laiti maswali yangeishia hapo!

"Ulimwomba Mungu ampe ushindi?"

"Naam."

"Na watu wote wakaitikia?"

"Waliitikia, alhamdulillah."

"Na je, mzee, kwa imani yako, dua ile ilisaidia? Au asingeombewa, angeshinda vile vile?"

Nilijua. Kabla hajafungua mdomo nilijua. Mzee wa Majoreni ameapa kwa Msahafu, anaulizwa mbele ya umma kama dua hufaa kitu au haifai. Ungetaka ajibu nini? Mjomba alijinyoosha, akaiweka fimbo pembeni, akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa shahada.

"Asingeshinda. Alishindwa mara ya kwanza kwa kuwa hatukumwombea hivyo. Dua ile ndiyo iliyompa kiti."

Hakimu akaandika. Wakili wangu akajifunika uso kwa viganja. Wakili wa upande wa pili akasema, "Ahsante sana, mzee wangu, sina swali jingine," na mjomba akashuka akinitazama kwa furaha, akidhani ameniokoa.

Hukumu ilisomwa kwa sauti ya upole, jambo lililoniuma zaidi. Hakimu alisema hana shaka nilifiwa, na hakuona kwamba niliandaa chakula kwa nia mbaya, kwa hiyo sikuzuiwa kugombea tena. Lakini mkusanyiko ule, siku chache kabla ya kura, chakula kikatolewa na mkono wa mgombea, ushindi ukaombwa kwa sauti na umma ukauitikia, na shahidi wangu mwenyewe akakiri kwamba ndipo ushindi ulipotoka: hakuweza kutenganisha hitima na kampeni. Uchaguzi ukabatilishwa. Kura zipigwe upya.

Nje ya mahakama mjomba aliniuliza, "Tumeshinda?" Nilimshika mkono, nikamwambia, "Twende nyumbani mjomba." Alielewa njiani. Tulipofika Msambweni hakukubali hata kuteremka anywe maji. Alipitiliza kwao.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikalitoa karai langu uvunguni, nikalisugua kwa mchanga, nikarudi barabarani. Walionipenda waliona haya kunitazama. Wengine wakanitania, "Mheshimiwa, mambo ya karai haya!" Nikawajibu, "Karai halina kesi, njoo ununue." Maji nilikwishayavulia nguo, basi ilibaki kuyaoga. Nilisema hadharani nagombea tena, na nikarudia ule mzunguko wangu wa miguu, nyumba kwa nyumba.

Ila kesi ilikuwa imeacha jambo moja ambalo lilinikaa rohoni kuliko kiti. Mjomba aliacha kuomba dua. Watu wa Majoreni walinieleza: akiitwa hitimani anakwenda, anasoma juzuu yake, wakimwomba asimame kwa dua anatikisa kichwa. Na hitima ya mwaka ya mamangu ilikuwa inakaribia, nayo, utadhani ni mzaha, iliangukia wiki moja kabla ya uchaguzi mdogo.

Wakili alipiga simu mwenyewe. Alikuwa amehesabu. "Mama, usiniambie utaifanya."

"Nitaifanya."

"Unataka kunitoa roho! Wakikushika tena hakuna hakimu atakayekuonea huruma. Ngoja tu wiki mbili."

"Mwaka jana sikungoja. Nikingoja mwaka huu, nitakuwa nimekubali kwamba mwaka jana nilikuwa nikihonga watu."

Akahema. Kisha akaniwekea masharti: nisivae rangi ya chama, nisitamke neno lolote mbele ya watu, nisishike upawa, na nisitajwe kabisa kwenye dua. Nilikubali yote isipokuwa upawa. Pilau ya mamangu nitaipakua kwa mkono wangu, hilo hata Rais hawezi kunizuia.

Nikaenda Majoreni. Nilimkuta mjomba nyuma ya nyumba akitengeneza dema, ule mtego wa fito wa kutegea samaki. Alionekana amepungua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Nimekuja kukuomba dua ya mwaka wa dadako."

Hakuinua uso. "Tafuta mtu mwingine. Ulimi wangu huu ndio uliokuvua kiti."

"Mjomba, ulitaka useme dua haijibiwi?"

"Ningesema hivyo ningekufuru."

"Basi! Ungesema hivyo mimi ndiye ningeona haya kuitwa mwanao. Kiti ni ubao tu, mjomba. Kikivunjika kinachongwa kingine. Lakini dadako asomewe na mtu wa kukodi, na wewe u hai?"

Aliipenyeza fito moja kwenye dema. "Na sheria je?"

"Usinitaje."

"Nitaje watoto wa watu, mwana wa dadangu nimruke?" Sasa alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Hiyo ni dua gani?"

"Ndiyo dua tuliyoachiwa, mjomba. Niruke."

Hakunijibu ndiyo wala la. Alisema tu nimletee tumbaku nikija tena, na kwa mjomba hilo ni ndiyo.

Siku ya hitima watu walijaa kuliko mwaka uliotangulia. Wengine, najua, walikuja kutazama kama nitakamatwa. Wasimamizi wa uchaguzi walikuwepo, wamesimama karibu na mlango na vitambulisho vyao shingoni, tukawakaribisha mkekani kama wageni wengine, wakakataa, kisha wakachoka wakaketi. Na jirani yetu alikuja. Alikaa safu ya mbele, pale pale, na simu yake ameinyanyua. Hakujificha. Nilimwona vizuri kupitia tundu la makuti, nikasema moyoni, rekodi baba, rekodi vizuri.

Juzuu zikaisha. Mjomba akainuka na fimbo yake. Jikoni hata waliokuwa wakikuna nazi wakaacha. Alimwombea mamangu. Watu wakaitikia. Akamwombea mgonjwa mmoja wa figo. Amin. Akawaombea watoto wa mitihani. Amin. Akamwombea kijana wetu mmoja aliyeko baharini kwenye meli za watu. Amin.

"Na..." akasema mjomba.

Akasimama hapo. Mikono yake ilikuwa juu, midomo yake ilikuwa wazi, na hakuna kitu kilichotoka. Aliahidi kuniruka, lakini naona alipofika kwenye shimo lenyewe hakuweza kuruka wala kuingia. Nilisikia moto ukila kuni chini ya sufuria. Nikamwona machozi yakimshuka, yakaingia kwenye ndevu, na bado hakushusha mikono. Nilijisemea, mjomba, kaa kimya, nakuomba, kaa kimya. Naye alikaa kimya.

"Amin!" wakaitikia watu.

Haikuanzia kwa mtu mmoja. Ilitoka kote, wanaume kwa wanawake, kubwa kuliko ile ya mwaka wa kwanza. Nami tunduni pangu nilikuwa nikimtazama jirani yetu. Mtu hawezi kuinua viganja viwili akiwa ameshika simu. Wakati mjomba amekwama, nilimwona akimwangalia yule mzee, akaitia simu mfukoni polepole, akafungua mikono yake, na midomo yake ikatikisika pamoja na ya wenzake.

Wale wasimamizi walitazamana. Mmoja akamwinamia mtu wa karibu akauliza kilichosemwa. Hakuna kilichosemwa. Nikafunua sufuria, nikapakua mpaka mkono ukafa ganzi, na sinia la safu ya mbele nilihakikisha lina ukoko mzuri, maana najua jirani yetu anaupenda.

Wiki iliyofuata tulipiga kura. Nilishinda tena, na safari hii sikusubiri kuambiwa, nilijua kwa vile wanawake walivyokuwa wakinikwepa macho ili wasicheke. Jirani yetu alikuja kunipa mkono pale pale shuleni kura zilipohesabiwa. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa nimechoka. Wakili wangu alikuwa ameshanionya nijiandae, huenda nikashtakiwa tena, kwa hiyo nilimwuliza waziwazi, uso kwa uso.

"Haya, jirani. Tutakutana tena mahakamani?"

Akacheka kidogo, akatazama chini.

"Nikakushtaki vipi, mama karanga," akasema, "na safari hii hata mimi niliitikia?"